JIKO LILILALA MIEZI MINANE, LIKAAMKA NA ROHO ZETU MKONONI

Msomaji wangu, kama umezaliwa Temeke ukakulia Sinza kama mimi, baridi unaijua kwenye soda tu. Ukiambiwa kuna Watanzania wenzako wanalala na makoti unadhani ni mikwara. Nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka Juni mwaka jana, basi la alfajiri liliponibeba kutoka Mbezi, likanipitisha Mikumi, likanipandisha Kitonga macho nimeyafumba, na usiku likanishusha Njombe nikiwa na fulana na kandambili.

Asikudanganye mtu. Njombe ya mwezi wa sita si ya kuichezea. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku ule upepo ulikuwa unapita kwenye fulana yangu kama vile haipo. Meno yalianza kugongana kabla hata sijashusha begi.

Tulikuwa wanne. Mimi, mdogo wangu wa kike anayesoma chuo, shemeji yangu, na mshikaji mmoja wa kijiweni kwetu aliyedandia safari baada ya kusikia neno pilau. Tulikwenda kwenye harusi ya binamu. Gesti zilijaa, lakini sisi wala hatukuwa na wasiwasi, maana mjomba alishatupa funguo za nyumba yake. Mwenyewe alikuwa Dar tangu Oktoba ya mwaka uliotangulia akitibiwa miguu, na nyumba ilikaa imefungwa muda wote huo.

Sebuleni kwa mjomba kuna jiko la chuma la kuotea moto. Usifikirie jiko la kupikia ugali. Hili ni sanduku zito la chuma lenye mlango mbele, na mgongoni linatoka bomba la moshi linalopanda ukutani mpaka juu ya bati. Mjomba alitengenezewa na fundi wa kuchomelea wa palepale mjini. Kipupwe kikiingia, familia nzima inahamia mbele ya hilo jiko na kahawa. Kipupwe kikiisha, jiko linageuka meza ya kuwekea redio.

"Mpwa wangu," aliniambia siku ananikabidhi funguo, "ukifika usiwashe lile jiko. Lina miezi minane halijaona moto. Mtafute fundi kwanza apande juu."

"Sawa mjomba," nikajibu.

Kusema sawa mjomba ni kazi nyepesi sana ukiwa Dar unatokwa jasho.

TUKAJIFANYA WAJUAJI

Basi bwana, saa nne usiku tumejikunyata kama vifaranga vilivyonyeshewa, fundi utampata wapi? Mshikaji akasema, "Jiko si jiko tu, lina ufundi gani?" Akafungua mlango wa lile sanduku. Mlango ukalia kriii, vipande vya kutu vikadondoka sakafuni. Ndani tukakuta majivu ya mwaka uliopita yameganda kama saruji, na harufu fulani hivi, kama moshi wa zamani uliolowa mvua. Hakuna aliyejiuliza mvua ilifikaje sebuleni.

Kuni zilikuwa barazani, upande upepo unakopigia. Zilikuwa kuni za mwati, mti mzuri tu kwa moto, na Njombe umejaa tangu mashamba makubwa yalipopandwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Lakini hizi zilikuwa zimenyeshewa masika nzima. Tulipozitia kiberiti zikaanza kulia chiii na kutoa povu kwenye ncha, kama mtu anayetaka kusema neno likamkwama. Moshi ukaanza. Tukasubiri upande kwenye bomba. Lakini wapi! Ukaja kwetu. Ukatokea mlangoni mwa jiko, ukatokea kwenye maungio ya bomba, ndani ya dakika tano hatuonani. Tukafungua madirisha, baridi ikaingia, tukawa tumepata hasara mbili kwa mpigo mmoja.

Hapo ndipo mimi, msomi wa familia, nikatoa wazo. Nikasema tatizo ni kuni mbichi. Tutoe kuni, tuweke mkaa, maana mkaa hauna moshi. Nikaenda kwa bibi jirani, nikamwamkia "Kamwene bibi" niliyofundishwa kwenye basi, akacheka, akanipa makaa ya moto kwenye kikaango kibovu na mkaa nusu debe. Tukamwaga yote kwenye jiko la mjomba. Likawaka jekundu, zuri, halina moshi hata chembe. Chumba kikapata joto. Tukafunga madirisha, tukatandika magodoro palepale sebuleni, mshikaji akaziba na uwazi wa chini ya mlango kwa taulo langu.

Nakumbuka nilijisifu kabla ya kulala. Nilisema, "Mnaona?"

BIBI ALITAZAMA JUU

Niliamka sijui saa ngapi kichwa kinagonga kama kuna mtu anatwanga kisamvu ndani yake. Nikadhani ni uchovu wa basi. Nikataka kukaa, miguu ikakataa. Si kwamba iliuma, ilikataa tu, kama miguu ya mtu mwingine. Shemeji alikuwa pembeni anatapika kwenye ndoo, mshikaji anaongea maneno ya kilevi na wala hakuonja kitu usiku ule. Nikamwita mdogo wangu. Nikamtikisa bega. Shingo yake ikaangukia upande.

Wakati huo ndipo niliposikia mlango unapigwa. Nilitambaa, sina namna nyingine ya kulisema, nikavuta kile kitasa, hewa ya baridi ikanipiga usoni. Alikuwa bibi jirani na mjukuu wake wana tochi.

Baadaye alinieleza kilichomnyanyua kitandani. Alipotupa makaa alitoka nje kutuangalia, akaona moshi wetu wa mwanzo unatokea madirishani na kwenye upenyo wa paa, wakati juu ya bomba hakuna kitu. Akaingia ndani kulala, usingizi ukagoma. "Nikasema jiko lisilotoa moshi juu linaupeleka wapi?" alisema. "Hawa watoto wa Dar watakufa."

Bibi yule hakusoma kemia. Alitazama juu tu, kitu ambacho sisi wanne, wenye vyeti na simu za kisasa mikononi, hatukukifanya.

Mdogo wangu alipelekwa hospitali kwa bajaji, akawekewa oksijeni, alifungua macho kumekucha kabisa. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama harusi imeshapita. Nililia pale pale mbele ya manesi, sioni aibu kulisema.

Daktari alituchora kwenye karatasi. Mkaa au kuni vikiungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Ikiingia kwenye mapafu inakimbilia damu na kukaa kwenye kiti cha oksijeni, na inakishikilia hicho kiti kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kwa hiyo unapumua vizuri tu, kifua kinapanda na kushuka, huku mwili unakosa hewa. Unaanza na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Wengi wanadhani ni malaria au pombe, wanajilaza tena. Wanaolala tena ndio wasioamka. Moshi tulioukimbia ulikuwa na afadhali, kwani ulitufukuza chumbani. Hii nyingine ilitubembeleza tulale.

Jiko lenye bomba zima huibeba gesi hii likaitupa nje, na ndiyo kazi ya bomba. Sasa bomba letu lilikuwa na nini?

MWENYE KIUNO CHEMBAMBA

Fundi alikuja siku ya pili, mzee wa makamo mwenye ngazi na fimbo ndefu. Akapanda, akachungulia, akacheka peke yake huko juu. Kisha akaanza kuteremsha vitu. Kwanza vipande vya udongo mkavu, vina umbo la vidole vilivyobanana. Akakivunja kimoja mbele yangu. Ndani mlikuwa na buibui wadogo wamepangwa kama dagaa kwenye kopo.

Mwenye mali ni dondola wa udongo, wengine humwita nyigu. Utakuwa umemwona hata Dar, mweusi, miguu ina njano, na kiuno chembamba kama uzi, warembo wa mashindano wangemwonea wivu. Huyu hana kundi wala malkia. Mama mmoja anachota tope mdomoni, donge kwa donge, anajenga chumba. Anakwenda kuwinda buibui, anawachoma sindano ya kuwapoozesha, hawafi, anawajaza mle ndani, anataga yai moja na kuziba mlango. Mtoto akianguliwa anakuta chakula kibichi kimemzunguka. Kwa hasira si mkali kabisa, ukimwacha anakuacha. Tatizo lake ni moja: akiona tundu kavu, lenye giza na lisilotumika, kwake ni kiwanja kilichopimwa. Bomba la jiko lililolala ndilo hilo hilo analolitafuta.

Usimdharau kwa udogo wake. Februari 6, 1996 ndege ya Birgenair aina ya Boeing 757 iliruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, ikaanguka baharini na kuua watu wote 189. Kijibomba cha nje kinachopima mwendo kilikuwa kimeziba, na wachunguzi walimshuku dondola wa udongo, kwani ndege ilikaa chini siku nyingi vijibomba vyake havijafunikwa. Sasa kama ndege ilishindwa, jiko la mjomba ni nani?

Lakini dondola peke yake asingeziba bomba lile lote. Fundi aliingiza mkono kwenye kona, pale bomba linapopinda kuingia jikoni, akatoa uji mweusi. Ulikuwa mchanganyiko wa masizi, maji, magamba ya kutu na udongo wa dondola uliodondoka, umekaa pale kwenye kona kama kizibo cha chupa. Tulipoutia joto usiku ule ukazidi kukauka na kukaza.

Maji yaliingiaje? Kofia ya bomba iling'olewa na upepo, hakuna aliyejua. Kule mvua zinaanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, hivyo kila tone lilikuwa linashuka moja kwa moja. Na fundi akasema hata kofia ingekuwepo, bado. Usiku chuma kinapoa, ukungu unaingia, unageuka matone ndani ya bomba kama soda baridi inavyotoka jasho mezani. Masizi yanayanywa hayo maji. Ile harufu ya moshi uliolowa tuliyoisikia ndiyo taarifa yenyewe, jiko lilikuwa linatuambia na sisi tunaziba pua.

Halafu majivu. Hapa mjomba mwenyewe ana kesi ya kujibu, kwani aliondoka Oktoba bila kuyatoa. Majivu huvuta unyevu hewani na kuushikilia kwenye chuma mchana na usiku. Bibi zetu huyachuja majivu kwa maji wapate magadi ya kulainishia maharage, kwa hiyo unajua kuwa majivu yana chumvi zake kali. Chumvi na maji vikikaa juu ya chuma miezi minane, chuma kinaliwa. Sakafu ya jiko la mjomba fundi aliigonga na bisibisi ikatoboka.

Siku hiyo hiyo jirani wa nyumba ya tatu akatupa mkasa wake. Yeye alipata nyuki. Walihamia kwenye bomba lake Desemba, naye hakuwa na habari mpaka alipowasha moto Mei. Kila mtu anajua nyuki hufukuzwa kwa moshi, lakini hapo ni kwenye mzinga wenye mlango, na mfugaji anajua anachokifanya. Ukiwasha moto chini ya nyuki walioko kwenye bomba, nta inayeyuka kwa joto ambalo halifiki hata la maji ya chai, inadondoka na asali yake kwenye moto, na nta hiyo hiyo ndiyo mshumaa. Inawaka. Nyuki nao njia ya juu ina moto, wanateremka sebuleni. Jirani alitokea dirishani, na hilo dirisha mpaka leo halina kioo. Ukisikia mlio kwenye bomba, au ukaona nyuki wanaingia na kutoka juu ya bati, weka kiberiti mfukoni. Mwite mfuga nyuki, atakuja jioni na vifaa vyake, na pengine atafurahi kuwapata. Kukiwa na moto tayari, zimamoto ni 114.

SASA NAJUA KULIFUNGA JIKO

Nilikaa Njombe siku tano zaidi, mdogo wangu akipata nafuu, nami nikawa saidia fundi. Nilichojifunza nakupa bure.

Kazi kubwa hufanyika siku unayoacha kuota moto, wala si siku unayoanza. Siku hiyo jiko likishapoa kabisa unatoa majivu yote, unapitisha brashi ya waya kwenye bomba mpaka masizi yaishe, unafuta chuma kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Juu unahakikisha kofia imekaza, kisha unafunga wavu wenye matundu madogo ambayo dondola hapiti. Wavu huo ni wa msimu wa mapumziko tu. Ukiuacha wakati wa moto unaziba kwa masizi, umerudi kulekule. Kwa hiyo mlangoni mwa jiko unaning'iniza kibao: BOMBA LIMEFUNGWA WAVU. Mgeni kutoka Dar akija usiku na kihoro chake, asome kwanza.

Na jiko usilizibe kama jeneza. Mimi nilitaka kulifunika lote kwa nailoni, fundi akanicheka. Hewa isipopita, unyevu unajifungia ndani na kutu inafanya sherehe. Acha kijidirisha cha hewa cha chini wazi kidogo, nacho kiwekee wavu.

Kuni zipasue, zipange chini ya bati, pembeni wazi upepo upite, zikae miezi sita mpaka mwaka. Mti uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji, na moto wako utafanya kazi ya kuchemsha hayo maji badala ya kukupasha wewe, huku ukipaka bomba lami nyeusi ambayo siku moja yenyewe itashika moto. Kuzijua ni rahisi. Gonganisha vipande viwili, kikavu kinalia ko, kibichi kinasema bu.

Siku ya kuwasha, panda au mpandishe mtu. Kisha mulika tochi kutoka chini. Halafu jaribu kwa gazeti moja tu lililokunjwa, hata hili ukishalimaliza, sitaudhika. Mwanzoni moshi kidogo unaweza kurudi, kwa sababu hewa baridi imekaa nzito ndani ya bomba, gazeti la pili litaisukuma. Ila ukiona gazeti la pili nalo moshi wake unakuja kwako, zima, fungua madirisha, tafuta kilichomo. Wala usibadilishe kuni kwa mkaa kama yule msomi wa familia. Siku hizi kuna vifaa vya kugundua hiyo gesi, vinapiga kelele kabla hujalegea. Mimi nilimnunulia mjomba kimoja kwa hela yangu ya viatu vya harusi.

Harusi yenyewe tuliikosa. Mshikaji alibebewa pilau kwenye mfuko wa kaki, akala peke yake barazani, hakuna aliyemtania.

Mjomba nilimpigia simu siku ya tatu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja, "Ulipanda juu?" Nikanyamaza. Naye akanyamaza, kisha akaniuliza hali ya mdogo wangu, na habari hiyo hatujairudia. Mama tulimwambia ni malaria. Mama, kama gazeti hili limefika hapo nyumbani, nisamehe, mwanao yuko mzima na mitihani yake amefaulu.

Oktoba nilirudi Njombe, nikapanda bati mwenyewe na wavu wangu na koleo. Kule juu nikamkuta mgeni. Dondola mmoja, ana donge la tope mdomoni, bila shaka amelichota chini ya koki inayovuja uani. Alizunguka mdomo wa bomba mara mbili, akatua, akachungulia ndani. Nikamwambia, "Samahani mama, hapa pameshachukuliwa." Nikaanza kukaza waya.